Siku Niliyougua Ugonjwa wa Biskuti

Habari hii mke wangu Mwanaidi akiwepo huwa siisimulii kabisa, kwa sababu yeye huniingilia katikati na kuimalizia vibaya kuliko ilivyokuwa, lakini leo yuko zamu kiwandani, kwa hiyo nitaisema yote. Mimi, Shabani, kinyozi wa Kihonda, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, niliwahi kuvuliwa shati na mama yangu mzazi ndani ya saluni yangu mwenyewe, Jumamosi, watu wamejaa kwenye benchi, ili atafute mwilini mwangu ugonjwa ambao sikuwa nao. Na hiyo ya kuvuliwa shati ndiyo sehemu nyepesi. Iliyofuata baada yake ndiyo ambayo mpaka leo ikinijia nikiwa namnyoa mtu, inabidi nizime mashine kwanza nipumue.

Yote yalianza na mnyama mmoja mdogo kuliko ngumi yangu.

Nilikuwa na mteja, mhadhiri wa chuo, mtu mstaarabu sana, aliyekuwa akija kunyoa kwangu na wanawe wawili. Siku moja akaja kuniaga, wanahama nchi, anakwenda kusoma zaidi na familia nzima, na mkononi ana tundu la waya lenye gurudumu ndani yake. Ndani ya tundu kuna hamsta. Kama hujawahi kumwona hamsta, mfikirie panya mnene asiye na mkia wa kuonekana, rangi ya maandazi, mashavu anayajaza chakula mpaka kichwa kinakuwa kipana kuliko mabega, halafu anakwenda kukitapika pembeni na kukificha. Watoto walikuwa wamempa jina la Biskuti. Yule mhadhiri akaniambia, "Shabani, nisaidie, wanangu wanalia, wanataka aende kwa mtu wanayemjua." Ningefanyaje? Nikampokea, huku moyoni nikisema nitamtafutia mtu wa kumpa kabla ya wiki kwisha.

Sasa nyumbani kwangu alikuwepo mama. Mama yangu ameishi maisha yake yote milimani, ukishafika Mlali unaanza kupanda, unapanda mpaka masikio yanaziba, huko ndiko anakolima njegere na kabichi zake. Goti lilipoanza kumsumbua na daktari akataka awe karibu, nikamteremsha nije nikae naye Kihonda. Nilijiona mtoto mwema. Lakini Kihonda kwake ilikuwa jua na bati. Mimi asubuhi nakwenda saluni, Mwanaidi anakwenda kiwandani, mama anabaki na televisheni, na ukirudi jioni unamkuta amekaa pale pale ulipomwacha. Alikuwa akiniuliza, kwa dhati kabisa, "Ukungu wa huku unakuja mwezi gani?" Nami nilikuwa nacheka, nikidhani ananitania.

Siku ya kwanza alipomwona Biskuti alisema neno moja tu, "Panya," na akageuza uso. (Mumwelewe. Mtu aliyelinda dari la mahindi miaka yote hiyo hana cha kuzungumza na panya.) Lakini haikupita wiki nikarudi nyumbani mapema kuchukua nyembe nilizosahau, nikasikia mama anaongea chumbani kwake. Nikadhani ana mgeni. Nikachungulia. Tundu liko mapajani, mkononi ana karanga anaimenya, na anamweleza Biskuti, kwa Kiluguru, habari za shamba la nani limeuzwa na nani amegombana na nani. Biskuti amekaa kwa makalio, mikono kifuani, anasikiliza. Uso wa mama ulikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu nimteremshe kutoka kule mlimani. Nilirudi nyuma polepole nikaenda zangu bila nyembe. Habari ya kumtafutia Biskuti mtu wa kumpa ikafa hapo hapo.

Ila nikaingiwa na hofu. Mtaani kwetu, miaka ya nyuma, kulikuwa na bibi mmoja ambaye bundi alizoea kutua juu ya paa lake. Hakuna mtu aliyemgusa yule bibi wala kumtukana usoni, lakini watoto waliacha kupita uani kwake, wanawake wakaacha kukaa naye bombani, na mwisho wanawe walikuja kumchukua kimya kimya wakampeleka mji mwingine. Mimi niliyaona hayo kwa macho yangu. Basi nikamwambia mama, kwa sauti ya mtu anayezungumzia jambo dogo, "Mama, huyu mnyama tumweke chumbani tu, na ukikaa naye kaa ndani. Watu wa huku hawajamzoea." Mama akaniangalia. Hakuuliza kwa nini. Tangu siku hiyo hata barazani hakutoka tena, maana kutoka bila Biskuti hakutaka, na kutoka na Biskuti nilikuwa nimemkataza.

Ikapita miezi kadhaa wako hivyo, wawili hao, mlango umefungwa.

Halafu Biskuti akaanza kunyonyoka. Ilianza juu kidogo ya mkia, kipande kama ukucha, nikadhani amejikwaruza kwenye waya. Kipande kikapanuka kikapanda mgongoni, kikateremka mbavuni, ngozi ikawa inaonekana ya waridi yenye magamba meupe kama mba, na yeye anajikuna, anajikuna, mguu wa nyuma unakwenda kama sindano ya cherehani. Na nilipomgeuza nikaona mbavuni, kila upande, kuna alama nyeusi yenye mafuta mafuta, nikasema hapa kuna vidonda vinavyotaka kutumbuka. Mama naye akaacha kula vizuri. Sahani inarudi nusu. Asubuhi moja nilipokuwa natoka akanishika mkono.

"Shabani," akasema, "wewe kazi yako nywele. Huyu nywele zinamtoka kila siku na wewe unapita tu unamwangalia."

Nikamwambia leo leo nitarudi na dawa.

Kosa dogo ndilo hili hapa. Ningeweza kwenda mjini kwa daktari wa mifugo. Lakini mjini ni mbali, wateja wananisubiri, na duka la dawa liko nyumba ya tatu kutoka saluni kwangu. Nikajiambia ngozi ni ngozi. Nikaingia.

Muuzaji pale alikuwa binti anaitwa Stela, makini sana, haongei upuuzi, na kwa sababu anakaa nyuma ya kioo basi amezoea kupaza sauti. Nikapanga foleni. Zamu yangu ilipofika, nyuma yangu walikuwa wamesimama watu wawili ninaowafahamu vizuri: Mama Pili, jirani yetu ukuta kwa ukuta, na Juma wa bajaji, ambaye asubuhi ile ile nilikuwa nimetoka kumnyoa.

"Naomba dawa ya ngozi," nikasema.

"Mgonjwa ni nani?" Stela akauliza.

Nikafungua mdomo niseme ni mnyama wa mama. Nikamkumbuka Mama Pili yuko nyuma yangu. Nikamkumbuka yule bibi wa bundi. Na hapo, jamani, bila kupanga, nikasikia sauti yangu inasema, "Mimi."

"Tatizo?"

"Malaika za mwilini zinanyonyoka. Na kuwashwa."

"Sehemu gani?"

"Huku nyuma, kiunoni, kushuka mpaka karibu na mk—" (nilikuwa nataka kusema mkia) "karibu na makalio. Na mbavuni kuna alama nyeusi, kila upande."

"Zinatoa maji?"

"Mafuta mafuta hivi."

Stela akawa anaandika, uso hauna wasiwasi hata kidogo. "Unajikuna zaidi wakati gani?"

"Usiku. Mchana nalala."

Akainua macho. "Mchana unalala?"

"Kidogo," nikasema. Tatizo langu lilikuwa kwamba nilitaka dawa iwe sahihi, kwa hiyo kila swali nilikuwa najibu ukweli wa Biskuti kwa mdomo wa Shabani.

"Kuna mtu unalala naye mwenye dalili kama hizo?"

"Hapana. Nalala peke yangu."

Mama Pili akakohoa nyuma yangu. Mama Pili ni rafiki wa mke wangu.

Stela akanipa krimu na vidonge, na akanipa maelezo kupitia kile kioo, kwa sauti ile yake ambayo hata mtu wa ng'ambo ya barabara angefuata dozi. Nipake mwili mzima baada ya kuoga. Shuka zifuliwe kwa maji ya moto. "Na taulo usichangie na mtu, wala mashine ya kunyolea," akasema. "Inawezekana ni ya kuambukiza."

Nikageuka kuondoka. Juma alikuwa ameshika kichwa chake kwa mikono miwili, kile nilichokinyoa asubuhi, na ananitazama kama mtu aliyeuziwa pikipiki ya wizi.

Ningeweza bado kusema. Mlango ulikuwa wazi, watu ni wawili tu, ningecheka nikasema jamani nimewatania. Nilisema, "Haya, mchana mwema," nikatoka.

Sina haja ya kuwaeleza jinsi habari zinavyotembea. Kesho yake mteja wangu wa siku nyingi alikuja na mashine yake ndani ya mfuko wa plastiki. Mwingine aliniambia ameamua kufuga nywele, mtu mwenye upara. Kijana wangu wa kiti cha pili, Kitwana, ambaye nimemfundisha kazi mwenyewe, nikamkuta anapangusa kiti changu kwa spiriti, anapangusa mpaka miguu ya kiti. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Bosi, mimi sina neno na wewe. Ila kitaa kinakuongelea vibaya." Kufikia katikati ya wiki watu wote walikuwa wanakaa upande wa Kitwana, na mimi nimesimama kwenye kiti changu na shuka la kunyolea mkononi, nalikunja, nalikunjua.

Jioni Mwanaidi akarudi kutoka kiwandani, akakaa, akavua viatu polepole sana, kimoja, halafu kingine.

"Shabani," akasema, "mimi na wewe tunalala vyumba tofauti tangu lini?"

Nikamweleza yote. Hakucheka. (Siku hizi anacheka, lakini siku ile hakucheka.) Akasema, "Kwa hiyo kiwanda kizima wanajua nimekukimbia kitandani, kumbe ni Biskuti." Akanitaka kesho asubuhi niende kwa Mama Pili nikaseme ukweli. Nikamwambia siwezi, kwa sababu ya mama. Tukabishana kwa kunong'ona, ili mama asisikie, na nikashinda, kama mtu anavyoshinda mabishano anayojua amekosea, yaani kwa kukaa kimya mpaka mwenzake achoke.

Dawa yenyewe haikusaidia. Nilimpaka Biskuti krimu kidogo mgongoni, na nilipogeuka akawa ameshaanza kuilamba, maana hamsta kila kilichomo mwilini mwake anakilamba. Kesho yake akawa mzito, amejikunja kwenye kona, gurudumu hagusi, mate yanamlowesha kidevu, na ngozi imekuwa nyekundu zaidi. Mama hakunilaumu. Alikaa naye tu, amemfunika kwa upande wa khanga yake, na mimi nikawa napita mlangoni kama mwizi.

Basi ikafika Jumamosi. Mama Pili, ambaye ni mtu mwema, nataka hilo lieleweke, aliona siyo vizuri kukaa na jirani mwenye msiba wa ugonjwa bila kumpa pole. Akapika uji, akautia kwenye chupa, akaja kwa mama. Akamwambia, kwa huruma kabisa, kwamba mtaa mzima unamwombea mwanawe, na kwamba magonjwa ya siku hizi mengi yana dawa ilimradi mtu asijifiche. Mama hakuwa amesikia chochote. Alikuwa amefungiwa chumbani na mnyama wake, kwa amri yangu. Alichokielewa ni kimoja, kwamba mwanawe anaumwa ugonjwa wa kutisha na amemficha yeye peke yake.

Mama alikuwa hajawahi kufika saluni kwangu. Alichukua fimbo yake akatoka, na goti lile, juani, akawa anauliza njia. Jina la saluni halijui. Alikuwa anauliza, "Kwa kinyozi mgonjwa ni wapi?" Na kila aliyemuuliza alimwonyesha.

Benchi lilikuwa limejaa, wote wanamsubiri Kitwana. Nikaona pazia la mlango linasogezwa kwa fimbo. Watu wakasema shikamoo bibi, akawaitikia marahaba mmoja mmoja, hakuna aliyemruka, halafu akanigeukia mimi.

"Vua shati."

"Mama, karibu ukae kwanza."

"Nimekuogesha mimi. Vua."

Nikavua. Ungekuwepo nawe ungevua. Akanigeuza kwenye mwanga wa mlango, akaanza kunipapasa mgongo kwa vidole, kutoka shingoni, taratibu, kama mtu anayechambua mchele, na kwenye kioo kile kikubwa mbele yangu nikawa naona sura za watu wote wa benchi wananyoosha shingo. Mwanzoni niliona aibu tu. Halafu nikainua macho. Nikamwangalia kwenye kioo, midomo inakwenda bila sauti, anaomba dua, na nikajua kwamba mama hana hasira hata kidogo. Mama ametembea njia yote ile akiamini ananizika.

"Mama Pili kasema ni huku chini," akasema, na mkono ukashika mkanda wangu.

Nikaudaka. "Mama, mgonjwa siyo mimi. Ni Biskuti."

Juma wa bajaji, ambaye naye alikuwepo (alikuja kumwonyesha Kitwana kichwa chake, kila siku alikuwa anakuja kukionyesha), akauliza, "Biskuti ndiye nani?"

"Bosi," Kitwana akasema kwa upole, "una mchepuko?"

"Biskuti ni mnyama," nikasema. "Ni panya. Panya wa kufugwa, wa mama. Ananyonyoka manyoya, nikaenda kumnunulia dawa."

Mtu mmoja akaguna, mwingine akaanza kucheka, na kama ningeishia pale ningekuwa mtu aliyechekwa tu, ningekuwa nimesamehewa kufikia jioni. Lakini mama hakucheka. Mkono wake ulikuwa bado kwenye mkono wangu.

"Kwa nini hukusema dukani ni wangu?" akauliza.

"Niliogopa, mama."

"Uliogopa nini?"

"Watu wakisikia una panya chumbani, unaongea naye, watasema."

"Watasema nini?"

Jamani, nilikuwa nimechoka. Wiki nzima nilikuwa nimebeba lile jambo, na nilikuwa nimesimama bila shati, na nilitaka aone kwamba yote yale niliyafanya kwa ajili yake.

"Watasema wewe mchawi," nikasema.

Kitwana akazima mashine.

Neno lile lilikuwa limekaa kichwani mwangu miezi yote, nikilifungia milango, na hakuna kiumbe Kihonda nzima aliyekuwa amelitamka. Nimelitamka mimi, mtoto wake, mbele ya watu wanane asiowajua. Mama akauachia mkono wangu. Akaitengeneza khanga yake kichwani.

"Nimekuja peke yangu," akasema, na hakupaza sauti. "Njiani nimewauliza watu wengi, wamenionyesha. Kijana mmoja amenishika mkono kunivusha barabara. Hilo neno nimelisikia kwako."

Akageuka atoke. Nikataka kumshika asijikwae kizingitini, akanionyesha kwa fimbo nisogee. Ni Juma aliyeinuka, akamwambia, "Bibi, bajaji yangu iko hapo nje, nikupeleke," naye akakubali. Nikabaki nimesimama katikati ya saluni, nimeshika shati. Mzee mmoja pale kwenye benchi, ambaye mpaka leo hatujazungumza lile jambo, aliniambia bila dharau yoyote, "Shabani, vaa shati." Nikavaa, vifungo nikavikosea.

Nyumbani nilimkuta Mwanaidi mlangoni kwa mama. Akaniambia nisigonge. Siku mbili mama alikuwa akinijibu salamu na hakuna zaidi. Mpenzi wa kuongea kama yule. Siku ya tatu asubuhi akatoka chumbani amevaa vizuri, tundu liko mkononi, halina kitambaa juu yake.

"Kuna daktari wa wanyama mji huu?" akauliza.

Nikasema yupo.

"Twende."

Tulikwenda na Juma. Mama alikaa nyuma na tundu mapajani, wazi, na kila tuliposimama watu wakawa wanachungulia, naye anawaacha wachungulie. Kliniki tulimkuta daktari mwanamke, mpole, hana haraka. Akauliza mgonjwa ni nani. Nilikaa kimya, nilikuwa nimejifunza angalau hilo.

"Ni huyu," mama akasema. "Anaitwa Biskuti. Ni wangu."

Daktari alimkwangua Biskuti ngozi kidogo, akaenda kuangalia kwenye hadubini, akarudi akatueleza kwamba ni utitiri, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, ambao hamsta wengi wanao bila kuwadhuru, ila mnyama akizeeka au akidhoofika wanazidi nguvu. "Na huyu ni mzee, bibi," akasema. "Hawa hawaishi sana." Zile alama nyeusi za mbavuni nilizozitangaza duka zima siyo ugonjwa kabisa, ndivyo walivyoumbwa, wanatumia kuacha harufu yao. Krimu ya binadamu isipakwe tena, kwa sababu anailamba inamwingia tumboni. Akauliza analalia nini. Nikasema maranda, nayachukua kwa fundi seremala. Akayanusa, akasema yana dawa ya mbao, hayo nayo yanamuunguza ngozi, tumwekee karatasi laini na nyasi kavu. Akampa tone la dawa lililopimwa kwa uzito wake, akatutaka tumrudishe. Akasema manyoya huenda yakarudi, huenda yasirudi yote.

Jioni ile nilikuwa nimekaa barazani, sina pa kwenda, akatoka, akakaa kwenye kiti, akaninyooshea mguu.

"Nikate kucha," akasema. "Goti haliniruhusu kuinama."

Nikaleta kifaa changu na beseni la maji ya vuguvugu, nikakaa chini, nikashika mguu wa mama yangu. Kucha zilikuwa ndefu mno, zimejikunja. Mimi kinyozi, ninayetunza vichwa vya watu wasio ndugu zangu kila siku, nilikuwa sijawahi kuutazama mguu wake tangu aje kwangu. Nikamwomba radhi pale pale, nimeinama, kwa sababu usoni nisingeweza. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Huo wa kidole gumba usiukate sana, unaingia nyamani," na nikajua tunaendelea.

Manyoya ya Biskuti yalirudi, siyo yote. Mgongoni yaliota kama kipara kinachojitahidi, kwenye makalio yamekataa mpaka sasa. Wateja nao walirudi hivyo hivyo, wengi, siyo wote. Nilikwenda kwa Stela kumweleza, nikidhani atacheka. Akaniambia, "Mimi nilikupa dawa ya mgonjwa uliyemweleza," na akamhudumia mtu wa nyuma yangu. Mama Pili ameapa hapiki uji wa mtu tena bila kumwona mgonjwa kwa macho.

Na mama sasa anakaa barazani kuanzia saa za asubuhi, kabla jua halijawa kali, tundu liko kando yake. Watu wanapita wanasema shikamoo bibi, Biskuti hajambo, na wengine wanakaa, na akishaanza za mlimani hawaondoki upesi. Sitawadanganya kwamba ni wote. Kuna nyumba moja mbele yetu ambayo watu wake wakipita wanaangalia upande mwingine. Siku moja niliwaona, nikapandwa na hasira, nikamwambia mama, "Unaona? Hawa ndio niliokuwa nawaogopa. Hata salamu hawakupi."

Mama alikuwa anamenya karanga. Hakuinua macho.

"Hata zamani hawakunipa," akasema. "Walikuwa hawajui kama nipo."

Kwa hiyo mimi nimejiapiza. Sitamficha mtu wangu tena kwa kisingizio cha kumlinda, mpaka nimuulize kwanza kama yeye mwenyewe anaogopa.